Kola Isiyo na Wanga

Karani wa posta alikutwa amekufa kitandani kwake saa mbili asubuhi, amevaa shati jeupe la kazini na kiatu kimoja. Cha pili alikuwa nacho mkononi, kama mtu aliyeitwa ghafla akajibu, ngoja, nakuja.

Inspekta alisimama kwanza, akaangalia. Alikuwa mama wa makamo, mzito wa hatua, na pale kituoni walimwita Bi Karatasi. Jina hilo lina kisa chake, tutakifikia. Akainama, akaibinya kola ya shati kwa vidole viwili. Imelala kama sikio la mbuzi.

Ndani ya kola palikuwa na mishono mitatu ya uzi mwekundu, ile alama ambayo dobi humwekea kila mteja nguo zisije zikachanganyika. Pembeni yake pindo limefumuliwa, na ndani ya pindo kipakiti cha nailoni, kitupu, kina vumbi jeupe.

"Unga wa kulevya," koplo wake akasema.

"Unga. Lakini ni dobi gani huyu anayepiga pasi kola bila wanga?"

Koplo hakuwa mtu wa pasi. Nguo zake alikuwa anakunja chini ya godoro.

Mkemia alipopima, alipiga simu mwenyewe. "Inspekta, huu mkali, karibu haukuchanganywa na kitu. Aliyempa ama alitaka kumuua, ama hajui kupima."

Ikaombwa hati ya upekuzi. Hakimu akatia sahihi: duka la dobi aliyeshona alama ile, nyuma ya posta, siku moja, mwisho saa kumi na mbili jioni.

Sasa hilo jina. Mwaka juzi Inspekta alipekua nyumba ya muuza unga, akafungua na kabati la mpangaji wa chumba cha pili, chumba ambacho hati haikukitaja. Unga ulikuwa humo humo kwenye kabati, lakini kesi ikatupwa. Yule muuzaji, akitoka mahakamani, alimpitia karibu, akamwamkia kwa adabu zote: "Shikamoo." Basi tangu siku hiyo mama wa watu hasogezi hata kiti bila karatasi.

Ikafika saa tisa alasiri na hawajapata kitu. Walikuwa wamekung'uta kila nguo. Fundi viatu wa jirani, aliyeitwa awe shahidi, ameshachoka kusimama, amekalia ndoo.

"Afande, mpaka gunia la mkaa mmemwaga," dobi akasema. "Mtaondoka na masizi tu."

"Wanga wako uko wapi?"

"Wanga?"

"Wa kola. Duka zima sijaona hata chembe."

"Uko ndani, kwa mama." Akajing'ata ulimi. Nyuma yake palikuwa na mlango wenye pazia. Akasogea, akauziba kwa mgongo. "Hati yako inasema duka. Huku ni nyumbani kwa mama yangu. Soma vizuri, si ndiyo wewe Bi Karatasi?"

Koplo akamnong'oneza mkuu wake. "Pazia tu lile. Nikiliangukia, nitasema niliteleza."

"Utateleza mpaka mahakamani. Tulia."

Lakini hakimu alishaondoka ofisini. Kufika kesho, huko nyuma patakuwa pameoshwa. Na kama karani alipewa kipakiti cha namna ile, wapo wengine wanatembea na vyao kwenye kola, hawajafumua tu.

Pazia likafunguka. Bibi mfupi akatoa kichwa.

"Nani anaulizia wanga wangu?"

"Shikamoo, mama," Inspekta akasema.

"Marahaba. Nimesikia yote. Eti mwanangu anauza uchafu?"

"Mama, rudi ukalale," dobi akasema.

"Nilale saa hizi, mimi mtoto mchanga? Sogea hapo."

"Mama, chumba hiki ni chako?" Inspekta akauliza.

"Changu, tangu baba yake yuko hai."

"Mimi nina ruhusa ya duka tu. Kwako siingii mpaka ukubali. Na ukikataa, hakuna wa kukulaumu."

"Nikatae nina nini? Ingieni, muone, mtuache tufanye kazi."

Inspekta akayaandika maneno hayo. Fundi viatu akamsomea bibi neno kwa neno, bibi akaweka dole gumba. Dobi jasho lilimtoka na pasi ilishapoa zamani.

Ndani, rafuni palikuwa na makopo mawili ya maziwa, yanafanana, moja lina mfuniko wa bluu, jingine mwekundu.

"Mwekundu ni dawa ya madoa, alinikataza kuigusa," bibi akasema. "Wa bluu ndio wanga. Ngoja nikuonyeshe, mimi nimekoroga wanga huyu hajazaliwa."

Koplo alitaka kumzuia, Inspekta akamshika mkono. Bibi akachota kijiko kimoja kwenye kopo la bluu, akatia bakulini, akamimina maji ya moto ya chupa ya chai. Wanga ukikutana na maji ya moto huvimba, ukawa mzito kama uji. Akakoroga. Akakoroga tena. Maji yakabaki maji.

Akaweka kijiko chini. "Huu si wanga."

Koplo akatoa pingu. "Mama, chumba umesema ni chako."

Bibi akamtazama mwanawe.

"Mwache," dobi akasema. "Ni wangu. Wote wangu. Mama hajui kitu."

Kituoni dobi alipewa onyo la kisheria, akakubali kusema. Kwanza alitaja wateja wengine wanne na alama zao: wawili uzi wa kijani, mmoja mweusi, mmoja njano. Koplo akatoka mbio. Jua lilipozama alikuwa amerudi na mashati manne, kola hazijafumuliwa.

"Kwa nini?" Inspekta akauliza.

"Wamefungua mashine za kufulia pale kona. Wateja wakahama. Mimi kila asubuhi nawasha pasi, mama anasikia harufu ya mkaa, anasema, mwanangu leo una kazi. Miezi minne, afande, nimepiga pasi shuka moja, lile lile. Akaja mtu na lile kopo. Nikaona bora niwe na nguo za watu dukani."

"Karani alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilipima kama siku zote. Kijiko kimoja cha kopo la mfuniko mwekundu, vitano vya bluu, ule wanga wenyewe, uwe mwepesi."

"Leo kwenye bluu palikuwa na nini?"

Dobi akafumba macho. "Unga mtupu. Ndiyo maana kola haikusimama."

"Nani alibadilisha mifuniko?"

"Andika mimi."

"Naandika unachosema."

"Basi nasema mimi. Nilikosea mwenyewe."

Inspekta akaandika: mshukiwa anasema alikosea mwenyewe.

Alipotoka, bibi alikuwa kwenye benchi, amepakata shati.

"Nimemletea abadilishe. Wanga nimeomba kwa jirani." Akashusha sauti. "Afande, juma lililopita niliyaosha yale makopo kwa nje, mifuniko nikaianika. Macho yangu haya. Niliirudisha sawasawa?"

Bi Karatasi alikuwa na karatasi mkononi, jibu lote limo. Akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa kwenye benchi, akapokea shati.

Kola ilisimama yenyewe.