Mfuko Mwepesi wa Ngendo

Kila Alhamisi jioni Ngendo alifagia nyumba yao katika mtaa wa Landless, Thika, kisha akapanda kwenye kiti na kupanguza vumbi juu ya kabati la mama yake. Huko ndiko kulikokaa vitu vya wageni. Kulikuwa na vikombe vyenye maua ambavyo havijawahi kuonja chai, mablanketi mawili yaliyokuwa bado ndani ya nailoni za dukani, na kifuko cha kijani kisichozidi mkate kwa ukubwa. Mama Ngendo alikuwa mtu wa namna hiyo. Kitu kizuri kikiingia nyumbani kwake, kilipandishwa juu ya kabati kumsubiri mgeni, na mgeni mwenyewe akija alikunywa chai kwa kikombe cha kawaida akaenda zake.

Ndani ya kile kifuko cha kijani mlikuwa na mfuko wa kulalia, ule ambao watu huingia ndani na kufunga zipu wanapolala kwenye hema. Aliuleta Anti Becky, dadake mama, anayesimamia hosteli ya wanafunzi kule Kahawa Wendani. Mwanafunzi mmoja alimwachia alipomaliza masomo. Zaidi ya mwaka ulikuwa umepita tangu siku hiyo, na mfuko haukuwahi kutolewa. Ulikaa umebanwa vilevile, kamba imekazwa, usiingie vumbi.

Alhamisi moja ya Julai, Ngendo aliuteremsha na hakuurudisha juu. Kesho yake skauti wa shule yao wangeenda kupiga kambi katika shamba la kahawa karibu na Ruiru, na Mwalimu Warigia, mama aliyekuwa mlezi wao, alikuwa ametoa agizo moja.

"Lala sakafuni na kile utakachobeba," aliwaambia. "Kama kina kasoro, heri uijue ukiwa kwenu."

Ngendo alimwomba mama yake ruhusa ya kufanya hivyo.

"Sakafuni? Uuchafue?" Mama Ngendo alishangaa. "Huo ni wa safari. Utautoa siku ya safari."

"Lakini mwalimu amesema tujaribu."

"Mwambie mama yako ameujaribu kwa macho. Weka hapo mezani, na usifungue."

Ngendo hakubishana. Kusema kweli, hakuona haja ya kujaribu. Kitu cha kutoka kwa watu wa hosteli kingekosaje kuwa kizuri? Tena alikuwa amejipiga kifua darasani wiki nzima, akiwacheka wenzake waliojiandaa kubeba mablanketi mazito kama magunia ya viazi.

Aliyemwamini zaidi ya wote alikuwa Mwelu, rafiki yake na msichana mwenzake. Mwelu alikuwa na pumu, na baridi ikimwingia kifuani, mapafu yake yalipiga mluzi. Kwao kulikuwa na blanketi moja zito, na walilala chini yake yeye na wadogo zake wawili. Ngendo alikuwa ameshamaliza shida hiyo: mfuko ukifunguliwa zipu yote unakuwa shuka pana, basi wangejifunika wote wawili, na blanketi libaki na watoto.

Ijumaa asubuhi walipita pamoja kwenye meza ya mboga ya Mama Mwelu, kando ya barabara ya kuingia mtaani. Mama Mwelu aliacha kukata sukuma wiki, akamtazama Ngendo usoni.

"Ngendo, huo mfuko una joto kweli? Unajua kifua cha huyu."

"Una joto, Mama Mwelu."

"Wewe mwenyewe umelala ndani yake?"

Hapo ndipo ulimi wa Ngendo ulipoteleza. Angesema hapana, Mwelu angebaki nyumbani, na yeye mwenyewe angeonekana mtu wa maneno mengi.

"Nimelala jana," alisema. "Hata nilitoka jasho."

Mama Mwelu akavuta pumzi, akatabasamu. "Basi, nendeni. Mwelu, usisahau dawa yako ya kuvuta."

Mwalimu Warigia alipouliza shuleni kama kila mtu amejaribu kitu chake, Ngendo aliinua mkono pamoja na wengine. Uongo wa pili haukumsumbua kama ule wa kwanza.

Baridi ya Julai huko Ruiru haina mchezo. Walipofika shambani kulikuwa na manyunyu, na jua halikuonekana kabisa hadi jioni. Skauti walisimamisha mahema kwenye uwanja wa nyasi kando ya mibuni, wakawasha moto, wakatoa vyakula kwenye maboksi. Kabla giza halijaingia, Mwalimu Warigia aliwaamuru watandike malazi yao.

Ngendo alifungua kamba ya kifuko huku wenzake wakichungulia. Aliuvuta mfuko wa kulalia, akautandaza kwenye mkeka, akangoja ufure kama alivyowahadithia. Haukufura. Ulilala pale umejikunja mistari mistari, bapa kama chapati. Aliukung'uta mara moja, akaukung'uta tena. Wapi!

Wenzao walipoondoka, Mwelu aliupapasa.

"Aki Ngendo, si hii ni kama shuka tu?"

"Itafura. Ngoja kidogo."

"Lakini jana ulitoka jasho, sivyo?"

Ngendo aliinama kunyoosha mikunjo ya mfuko. Mwelu aliketi kwenye mkeka. Alivua viatu, akaweka dawa yake karibu na mahali ambapo kichwa kingekaa, akajikunyata kwenye kona ya hema. Kisha akakohoa. Kilikuwa kikohozi kidogo, lakini Ngendo alijua kinakoelekea. Aliogopa. Angeweza kunyamaza, usiku ukapita hivyo hivyo, na huenda asubuhi ikawakuta salama. Na je, isipowakuta salama? Aliona aibu, tena aibu nzito, akatamani angekuwa mbali na hema hilo. Mwishowe alipiga moyo konde, akatoka nje.

Mwalimu Warigia alikuwa akisonga ugali.

"Mwalimu," Ngendo alisema, "sikujaribu ule mfuko. Nilikudanganya. Hata mamake Mwelu nilimdanganya. Na Mwelu hakubeba blanketi."

Mwalimu alimpa mwanafunzi mwingine mwiko. Hakugomba.

"Mwelu yuko wapi?"

"Ndani ya hema. Ameanza kukohoa."

Mwalimu Warigia alienda moja kwa moja hadi kwa Mwelu, akamwekea sikio mgongoni, akamwambia avute dawa yake. Akamvisha soksi kavu na kofia ya sufu, akamhamishia kwenye hema lake mwenyewe na kumpa moja ya mablanketi yake mawili. Kikohozi kilipotulia na uji wa moto ukanyweka, ndipo alipomrudia Ngendo.

"Haya, sasa tufanye kile ambacho ungefanya jana. Ingia, ufunge zipu."

Ngendo aliingia. Mwalimu akachuchumaa kando yake.

"Baridi inakujia wapi?"

"Mgongoni. Juu ni afadhali kidogo."

"Inatoka ardhini. Uzito wako umebana mfuko hapo chini, na uliobanwa hauna joto. Joto halimo kwenye kitambaa, Ngendo. Limo kwenye hewa inayokaa katikati ya hizi nyuzi zikiwa zimefura. Huu mlikuwa mmeuwekaje nyumbani?"

"Ndani ya kifuko chake. Juu ya kabati, mwaka mzima."

"Ndiyo maana nyuzi zimelala. Mfuko wa aina hii hubanwa wakati wa safari tu. Nyumbani unauacha wazi upumue. Hata ungekuwa mzima, huu ni mwepesi, ni wa mahali pa joto. Mtu wa Mombasa angeufurahia."

Alileta maboksi matupu ya vyakula, akayapasua na kuyatandika chini ya mkeka. Akamwambia Ngendo avae sweta mbili kavu, aingie tena.

"Je, sasa?"

"Afadhali, mwalimu. Mgongo hausikii tena ardhi."

"Utahisi baridi alfajiri, lakini hutaumia. Na Jumapili, wewe ndiwe utakayemweleza mamake Mwelu. Mimi sitakusaidia."

Ilikuwa kama alivyosema. Alfajiri miguu ya Ngendo ilikuwa baridi kama bomba la maji, lakini alipochungulia hema la mwalimu alimkuta Mwelu akikoroma bila mluzi wowote kifuani. Ngendo alifurahi hata akasahau miguu yake. Usiku wa pili walilala vivyo hivyo.

Jumapili jioni, Mama Mwelu aliwaona wakija akaanza kucheka kwa furaha.

"Mmerudi! Mlilala vizuri kwenye huo mfuko wenu?"

Mwelu alitazama chini. Ngendo alitua begi lake.

"Hatukulala pamoja, Mama Mwelu. Ule mfuko hauna joto. Sikuwa nimeulalia. Nilikudanganya, na Mwelu alianza kukohoa. Nilimwambia mwalimu kabla giza halijaingia, naye ndiye aliyempa blanketi."

Kicheko kilimkauka Mama Mwelu. Alimvuta bintiye karibu, akamgusa kifua, akasikiliza pumzi zake, kisha akapanga upya nyanya ambazo zilikuwa zimepangika tayari.

"Sikiza, Ngendo," alisema hatimaye. "Huo mfuko wenu mimi sijawahi kuuona hata siku moja. Nilikuona wewe. Uliposema umelala ndani yake, nikaliacha blanketi kitandani. Kwa hivyo mtoto wangu alitoka hapa akiwa amefunikwa na neno lako. Unaelewa?"

"Ninaelewa. Nisamehe, Mama Mwelu."

"Nimekusamehe, kwa sababu ulisema kabla usiku haujaingia. Ungesema asubuhi, tungekuwa tunazungumza mengine."

Nyumbani, Ngendo alimweleza mama yake kila kitu. Mama Ngendo aliutundika mfuko kwenye msumari nyuma ya mlango, wazi, upumue. Akapanda kwenye kiti, akateremsha yale mablanketi mawili, akayachana nailoni. Moja alilitandika kitandani kwa Ngendo. Jingine alimkabidhi mkononi.

"Mpelekee Mama Mwelu," alisema. "Na hili, kabla hujampa, jifunike kwanza. Akikuuliza kama lina joto, uwe na la kumjibu."