Mgonjwa Anaendeleaje?

Fundi cherehani alikuwa dirishani akimalizia gauni dogo la mtoto. Kando yake begi la safari lilikuwa wazi. Binti yake aliyeolewa ng'ambo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Binti na mumewe walikuwa wamejibana, wakamtumia mama tiketi ya ndege. Pia walimkatia bima ya safari, ya kurudisha nauli ikiwa safari itavunjika kwa dharura.

Kaka yake, mpaka rangi, aliishi chumba cha nyuma. Kila asubuhi alisimama mlangoni na makopo yake na kuanza utani.

"Gauni lote hilo! Ni la mtoto au la baba yake?"

"Nenda kazini, kaka. Mtoto atakua."

"Haya. Mwambie mjukuu kwamba babu yake mpaka rangi anamsalimu."

Siku hiyo kaka alianguka kazini, brashi ikiwa mkononi. Alikuwa amepata kiharusi. Hospitalini daktari alimwita fundi pembeni.

"Hali yake ni mbaya sana, mama. Huenda asipone. Kaeni naye karibu."

Fundi hakuwaza mara mbili. Kaka huyu ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki. Ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza. Asingeweza kumwacha. Lakini moyo ulimuuma, maana watoto wasingeweza kupata nauli nyingine. Akiikosa safari hii, mjukuu atamwona kwenye simu tu.

Ndipo alipoikumbuka bima. Alipiga simu akiwa amekaa kando ya kitanda cha kaka.

"Pole sana, mama," alisema karani wa bima. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo kidogo, tunashukuru."

Alijibu kama tunavyojibu sote. Nani atamwambia mtu asiyemjua kwamba ndugu yake yuko hoi? Tena mgonjwa mwenyewe yuko pale, anasikia! Karani naye aliandika alichoambiwa.

Baadaye jibu lilikuja. Madai yamekataliwa. Mgonjwa ana nafuu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvunja safari. Fundi aliketi kwenye benchi la korido akalia kimya kimya.

Hapo ndipo jirani yake alipomkuta. Jirani huyo alikuwa amefanya kazi ya bima mpaka akastaafu. Mtaani walimwita Bi Ushahidi. Ukimwambia mvua imenyesha, atauangalia kwanza mwavuli wako. Alisikiliza habari yote, kisha akauliza:

"Uliwaambia nini hasa, shoga yangu?"

"Nilisema hajambo kidogo."

"Na daktari anasemaje?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Anasema huenda asipone."

"Basi waambie hivyo hivyo. Bima haijui adabu zetu. Inajua lililosemwa na lililoandikwa."

"Mdomo wangu ni mzito, dada. Naona kama ninamwitia kifo."

"Humwitii. Unasema alivyo." Bi Ushahidi alimshika bega. "Kaka yako aliwahi kupata kiharusi kabla hujakatiwa bima?"

"Hapana. Hata presha hana. Aliwahi kupimwa."

"Vizuri. Angekuwa nayo ungeisema pia, usingeificha. Sasa tusome mkataba. Kila bima ina ndugu inaowakubali."

Walisoma pamoja. Kaka wa kuzaliwa alikuwemo. Bi Ushahidi akaeleza lililobaki. Daktari aandike ugonjwa ni upi, ulianza lini, na kwamba hali ni ya hatari. Vyeti vya kuzaliwa vitaonyesha kwamba hawa ni ndugu. Shirika la ndege liambiwe mapema kwamba abiria hasafiri, na jibu lao litunzwe. Kisha waiombe kampuni iyaangalie madai upya.

Daktari aliandika bila kusita. Fundi akapiga simu tena.

"Mgonjwa anaendeleaje, mama?"

"Kaka yangu ni mahututi. Daktari anahofia hatapona. Mara ya kwanza nilisema hajambo kwa sababu ya mazoea. Cheti cha daktari ninacho."

"Tuletee, mama," alisema karani kwa sauti ya chini. "Na pole sana."

Fundi alipomaliza, alirudi kando ya kitanda cha kaka. Hakuweza tena kujifanya. Alimshika kaka mkono ule uliokuwa bado na nguvu.

"Kaka, unaumwa sana. Mimi siendi popote. Na asante kwa kunilea."

Kaka hakuweza kusema. Aliubana mkono wa dada yake, machozi yakamtoka. Tangu aanguke, kila mtu alikuwa akimwambia ni mzima. Usiku ule alilala kwa utulivu.

Alifariki siku chache baadaye, dada yake akiwa pembeni. Baada ya mazishi bima ilirudisha nauli. Fundi alikata tiketi nyingine, akaliweka lile gauni dogo kwenye begi.

Mjukuu alikuwa amekua, na gauni lilimkaa sawasawa. Fundi akamfikishia salamu za babu yake mpaka rangi. Binti alikaa karibu na mama yake.

"Mama, kila nilipopiga simu mlisema mjomba hajambo kidogo. Aliumwa sana?"

Neno la mazoea lilimjia fundi mdomoni. Akaliacha.

"Aliumwa sana, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naye."