Dikoda ya Stesheni Masta

Kichwa cha treni ya mfano kililazwa ubavu juu ya taulo, bodi lake limevuliwa, skrubu nne zimepangwa kando. Hakikuzidi urefu wa kiganja. Ndani, palipokuwa na dikoda ya sauti na spika yake, ilibaki soketi tupu.

Inspekta aliinama bila kugusa. Chumba kizima kilikuwa reli: stesheni ndogo, madaraja, mabehewa. Kabatini mlikuwa na vichwa vingine kumi na kimoja, baadhi vya shaba tupu. Havikuguswa.

"Kilichoibwa ni hicho kidude tu?"

"Kidude!" Mwenye nyumba, karani wa bima ambaye mtaa mzima ulimwita Stesheni Masta, alikunja uso. "Ndicho kinachofanya treni ingurume na kupiga honi. Bila hicho ni bubu."

"Ni ghali?"

"Cha kawaida, hapana."

"Hiki si cha kawaida?"

"Nimekizoea tu."

Mlango haukuvunjwa.

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Dada yangu. Lakini yeye na treni ni mbalimbali. Kutwa yuko kwenye cherehani."

Inspekta aliandika. Mwizi wa kuuza angebeba shaba. Huyu alifuata sauti.

Inspekta alimkuta fundi aliyekifunga kifaa hicho akirekebisha kingine, anapunguza honi kwenye kompyuta mpaka ipatane na mngurumo wa injini.

"Unaikumbuka dikoda ya Stesheni Masta?"

"Nitaisahauje? Niliipanga hivi: ikipata umeme tu, kabla injini haijawaka, marehemu baba yake anasikika akisema."

Kalamu ya inspekta ikasimama. "Baba yake?"

"Mzee alikuwa dereva wa treni. Mwanawe alimrekodi kitandani, siku chache kabla hajafa."

"Una nakala?"

"Nilikuwa nayo. Akanitaka niifute mbele ya macho yake. Hata kuisikiliza hadi mwisho hakuniruhusu."

"Kuna mtu aliyekiulizia kifaa hicho?"

"Jumatatu mwanamke alinipigia simu. Anauliza kama dikoda inaweza kulia bila treni. Nikamwambia ailete hapa, asiguse umeme mwenyewe. Akakata. Jina hakutaja, lakini masikio ndiyo kazi yangu, afande. Nyuma yake palikuwa na mlio wa cherehani."

Inspekta alimpitia Stesheni Masta ili aje akitambue kifaa chake.

Dada mtu alikuwa akikata kitambaa. Alipowaona wote wawili mlangoni, aliweka mkasi chini.

"Kiko wapi?" aliuliza inspekta.

Hakuzungusha maneno. Akafungua kopo la vifungo. Dikoda ilikuwa humo, imefutuka upande mmoja, inanuka plastiki iliyoungua.

"Nilichukua mimi. Nikaiunganisha na chaja. Nikamsikia, wallahi nilimsikia. Halafu waya zikagusana, ikatoa moshi."

Stesheni Masta alijitupa kwenye kiti cha wateja. "Kwa nini hukuniomba?"

"Nilikuomba siku ya mazishi. Nikakuomba mwaka jana. Ukasema nitaiharibu." Akacheka kicheko kikavu. "Na kweli nimeiharibu. Miaka sita, kaka, nimemwogesha, nimemlisha. Ukamrekodi siku niliyokwenda kumchukulia dawa. Ulishindwa nini kuningoja?"

"Wewe ulikuwa naye kila siku. Mimi nikija ananiita mgeni. Nilitaka kitu kimoja kiwe changu peke yangu."

Inspekta alikohoa. "Mlalamikaji ni wewe. Unaendelea na shauri la wizi?"

Stesheni Masta alimgeukia dada yake. "Ulisikia mpaka wapi?"

"'Abiria wote wamepanda.' Basi. Hapo ndipo ilipokata."

Kaka alifumba macho. Maneno hayo alikuwa ameyasikia kila jioni kwa miaka miwili. Alipofungua kinywa, aliyatoa polepole, kwa sauti nzito ya dereva mzee:

"'Abiria wote wamepanda, isipokuwa binti yangu. Hatuondoki mpaka aje.'"

Dada mtu alishika ukingo wa meza.

Inspekta alifunga daftari. Sasa alijua kwa nini ile nakala ilifutwa.