Masikio ya Kuazima

Jua lilikuwa limeshagusa mashamba ya mkonge ng'ambo ya reli Mwaija alipotoka kwenda kununua betri. Umeme wa Korogwe ulikatika tangu adhuhuri, na mumewe Isihaka alikuwa ameshakaa uwani, redio kaseti mapajani, amevaa na kofia kama bwana harusi.

Duka lilikuwa la Josefina, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Alimpa shikamoo yake, akamhesabia betri sita, kisha akauliza wamefika namba ngapi.

"Themanini na tatu."

"Na yule wa jana, bibi, alikuwa analilia nini?"

"Kaachwa na mke. Kwa sauti ile hata mimi ningemwacha."

Mtaa mzima ulizijua zile namba, maana Isihaka akizungumza uwani kwake wanamsikia Mombo. Alikuwa fundi redio tangu ujana. Zamani bwana shamba mmoja wa mkonge, akirudi kwao Ulaya, alimwachia ukurasa wa gazeti: albamu mia moja zilizosifiwa kuliko zote duniani, kuanzia ya kwanza hadi ya mia. Isihaka akaapa atazisikiliza zote, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Alizikusanya kwenye kaseti moja moja, akirekodi kwa walimu, kwa madereva, kwa mapadre. Ikamchukua zaidi ya miaka ishirini. Ilipopatikana ya mwisho, masikio yalikuwa yameshakwenda zake. Mwaka wa sita huu hasikii hata adhana, na msikiti uko hatua thelathini kutoka mlangoni kwake.

Basi mke ndiye akawa masikio. Kila siku kaseti moja. Isihaka anaweka kiganja juu ya spika ili aisikie ngoma kwa mkono, Mwaija anasikiliza, halafu anampigia kelele sikioni kumweleza alichosikia. Mwaija aliishia darasa la pili. Kuandika hakujua, na Kiingereza hakukisikia. Alisema tu alichosikia: huyu ana hasira na mwenye nyumba wake, huyu analia, hawa wanapiga vyombo kama sufuria zimeporomoka jikoni. Isihaka hucheka mpaka machozi, kisha huweka alama kwenye orodha. Uzee una starehe zake, na hiyo ndiyo ilikuwa yao.

Njiani kurudi, simu ikaita. Alikuwa Rhoda, mke wa mdogo wake Sadala, akipiga kutoka Mashewa. Kifua kimembana Sadala, chakula hakipiti tena. Mzee Muhsin, mjomba wao, ametoka Handeni kuja kumwona, na atakaa hadi Jumamosi asubuhi.

"Wifi," Rhoda alisema, "neno lako moja tu. Hata kwa simu."

Mwaija akajibu kwamba atakwenda Jumamosi, akakata. Akaharakisha, betri zikigongana ndani ya mfuko.

Namba themanini na tatu ilianza vizuri. Gitaa, ngoma, mwanamume anayeimbia puani. Mwaija alishaanza kutunga atakalosema juu ya hiyo pua.

Halafu, chini ya wimbo...

Kikohozi.

Cha mwanamke. Kikavu, mara mbili, kama mtu anayejiandaa kusema. Na harufu ikaja. Mafuta ya nyonyo yaliyokaa kwenye moshi. Ndani ya nyumba ile halikuwahi kuingia tone la mafuta ya nyonyo.

"Mwaija," sauti ikasema kwa Kizigua, chinichini, nyuma ya gitaa. "Mwanangu. Ni mama yako..."

Isihaka akainua kiganja.

"Hapa pana mtu anaongea," alipaza. "Mkono wangu unapambanua kuimba na kuongea. Anasema nini?"

"Anaimba," Mwaija akamwambia sikioni. "Ni wimbo tu."

Isihaka akaweka alama yake.

Kaseti ile Mwaija aliijua. Enzi zile asiyejua kuandika alituma maneno kwenye kaseti, na mama yake, Bi Mwantumu, hakujua kuandika. Alikuwa mganga wa mapepo upande wa Handeni, mafuta ya nyonyo hayakumwisha mwilini, na mkoba wa uganga kwao hutoka kwa mama kwenda kwa binti. Miaka thelathini na tatu iliyopita aliongea kwenye kaseti, akamkabidhi Sadala, kitinda mimba wake. Sadala akafika Korogwe miguu ina tope hadi magotini, akaitoa kaseti mfukoni, akampa dada yake mkononi. Akala ugali, akaondoka.

Mwaija aliisikiliza peke yake, mlango umefungwa. Mama alisema anaumwa, hataki dawa, anataka binti yake aje kabla mwezi haujaandama, aupokee mkoba na amshike mkono. Wakati huo Mwaija alikuwa amepokewa juzijuzi kwenye chama cha wake za walimu, yeye mke wa fundi, wanawake wa kutembeleana na vyombo vya udongo vyenye maua. Waje wajue mama yake hupandisha mapepo na kulala majivuni? Akaichukua kaseti, akaichomeka kwenye fungu la kaseti tupu la mumewe. Isihaka hakuuliza. Akarekodi namba themanini na tatu juu yake.

Mama alingoja siku kumi na tisa, uso ameuelekeza mlangoni. Akafa hivyo.

Kwenye matanga wazee wakauliza kwa nini hakuja alipoitwa. Mwaija akasema hakuna ujumbe uliomfikia. Sadala, machozi yanamtoka, akasema: dada, nilikupa mkononi. Mwaija akamtazama machoni na kusema labda aliiuza akanywea. Sadala alikuwa anaonja kidogo, kama vijana wote, na kidogo hicho kilitosha. Wakamwamini dada. Tangu siku hiyo Sadala hakupakwa unga wa tambiko, ule wa kumhesabu mtu ndani ya ukoo, wala hakuhesabiwa kaburi kwenye uwanja wa ukoo. Mke wa kwanza akamkimbia kwa kuogopa laana. Akahamia Mashewa, akalima, akaoa tena, akazeeka na jina la mtu aliyemnyima mama yake mtoto. Sasa alikuwa kitandani, na alichokuwa anaomba hakikuuzwa dukani: atakaswe na mjomba, azikwe miguuni kwa mama. Mlango huo uliweza kufunguliwa na mtu mmoja tu.

Aibu alikuwa nayo, msidhani hakuwa nayo. Ila aliizoea kama mtu anavyozoea jino bovu: hatafuni upande ule.

Alhamisi asubuhi alimuuliza mumewe, kwa kelele, kama kaseti iliyofutwa yaweza kubaki na sauti ya zamani. Isihaka alifurahi kuulizwa kazi yake. Yaweza sana, alisema. Kile kichwa cha mashine cha kufutia utepe kikichoka, sauti ya kwanza hubaki chini, kama ubao uliofutwa na mwanafunzi mvivu. Mwaija akashusha pumzi. Kumbe ni kichwa cha kufutia. Siku hiyo alikula vizuri.

Alasiri wakaweka namba themanini na nne.

Hiyo haikuwa ya kurekodi. Hashim, mtoto wao, aliinunua Dar es Salaam ikiwa kwenye nailoni yake, na Isihaka ndiye aliyeichana kwa meno, siku ileile. Wimbo wa kwanza ukapita salama. Wa pili...

Kikohozi. Mara mbili.

Na ile harufu, sasa kama mtu ameketi kwenye mkeka uleule.

"Nilikungoja siku kumi na tisa," mama alisema. Maneno haya hayakuwamo kwenye ule ujumbe wake wa zamani. "Sasa mdogo wako naye anangoja. Hana siku kumi na tisa."

Mwaija akazima. Akamwambia mumewe mashine imetafuna utepe. Isihaka akaitoa kaseti, akaugeuza utepe mbele ya macho yake ya fundi. Ulikuwa mzima. Akamtazama mkewe, na siku hiyo hakuweka alama.

Ijumaa baada ya swala Rhoda alipiga tena. Sadala haongei tena, alisema, lakini macho yake yako kwenye simu. Mjomba yuko hapa. Nimeweka sauti ya nje, wifi, sote tunasikia, sema tu. Kisha akaisogeza simu kitandani, na Mwaija akaisikia pumzi ya mdogo wake. Inapanda, inakwama, inashuka.

"Mtandao mbaya," Mwaija alisema. "Sikusikii, Rhoda. Sikusikii."

Akaizima simu kabisa, mpaka kioo kikawa cheusi. Akaifunga kwenye pindo la kanga.

Saa tisa Isihaka alimwita uwani. Themanini na tano. Hii haikuwa na mwimbaji. Ngoma tu, na kitu kama filimbi kwa mbali. Mwaija alikaa ameuma meno, akingoja kikohozi. Hakikuja. Harufu haikuja. Ngoma ikapungua, ikapungua, ikaisha.

Sauti ya mwanamke ikaongea. Karibu. Safi.

Haikuwa ya mama.

Ilimchukua muda, maana hakuna anayeijua sauti yake mwenyewe haraka.

"Alinipa mkononi," sauti ya Mwaija ilisema kutoka kwenye redio. "Sadala alinipa mkononi. Nikaisikiliza yote. Nikamwonea mama yangu haya, na mdogo wangu nikamsingizia."

Isihaka akakikandamiza kiganja juu ya spika.

"Nani huyu? Mama Hashim, anasema nini?"

Hapo ndipo palipokuwa na njia. Aseme kwa mumewe kwanza, kisha awashe simu, aseme Mashewa. Lakini kiziwi hanong'onezwi. Kumwambia Isihaka kulitaka kelele, na ng'ambo ya ukuta Josefina alikuwa anapima mchele, wateja watatu wanacheka. Kuandika hakujua. Akalitazama lile sikio kubwa lililomsogelea, lenye mvi ndani yake, likingoja.

"Filimbi!" akapiga kelele. "Ni filimbi tu!"

Magharibi ilipoingia akawasha simu. Haikupita dakika ikaita. Rhoda alikuwa analia, lakini kilio chepesi, cha mtu aliyetua mzigo. Sadala amekufa saa tisa na nusu.

"Asante, wifi," alisema. "Mungu akulipe."

Mwaija aliuliza asante ya nini.

"Si ulipiga? Ulisema yote, neno kwa neno, sote tumesikia. Mjomba kampaka unga hapohapo. Sadala kacheka, wifi. Sijamwona akicheka hivyo tangu anioe."

Labda simu ilijibonyeza kwenye pindo la kanga. Simu hujibonyeza, kila mtu anajua. Mwaija alijiambia hivyo usiku mzima. Lakini simu iliyozimwa haijibonyezi, na hata ingejibonyeza, nani aliyeongea?

Jumamosi walimzika Sadala upande wa Handeni, miguuni kwa mama yake, kama alivyotaka. Ndani ya basi Mwaija aliapa atasema. Atasema si yeye aliyepiga, kwamba hadi mdogo wake anakata roho, yeye alikuwa amefunga mdomo. Lakini alipoingia uwanjani wanawake waliinuka. Wakamshika mikono. Wakampisha katikati ya mkeka, mbele ya nyumba ya mama yake, ambayo tangu alipokufa hakuna aliyelala humo na mlango wake una kufuli. Mzee Muhsin akasimama upande wa wanaume na kusema mbele ya watu wote:

"Wengi huzikwa na uongo wao. Huyu kautoa mwenyewe, kwa mdomo wake. Mwanangu, una moyo."

Kulaumiwa, Mwaija alikuwa na njia zake za kukwepa. Alizifanyia mazoezi miaka thelathini na tatu. Kusifiwa hakujua pa kujificha. Uso ulimwaka. Akautazama mkeka.

"Asante, mjomba," akasema.

Isihaka, katikati ya wanaume, alikuwa ameona midomo ikicheza na watu wakimtazama mkewe, na hakusikia hata neno. Akapaza ile sauti yake ya kiziwi, uwanja mzima ukageuka.

"Mama Hashim! Wanakushukuru kwa lipi?"

Watu wakamgeukia Mwaija. Wakamngoja amjibu mumewe, na kila mtu alijua mume yule hujibiwa kwa kelele.

Mwaija akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Sauti yake ndiyo iliyojibu.

Ilitoka nyuma yake, ndani ya nyumba yenye kufuli. Haikupiga kelele. Iliongea kwa utulivu, kama mtu anayempa mgeni maji.

"Kwa jambo ambalo sikulisema."

Wanawake waliomshika mikono wakaiachia, mmoja mmoja.

Isihaka akaitikia kwa kichwa polepole.

"Nimesikia," alisema, kwa sauti ya chini, kama waongeavyo wenye masikio yao.

Hakumtazama mkewe. Alikuwa anautazama mlango.