Maziwa Yaliyonipokea Nyakahura

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na minne. Ni mwalimu wa Kifaransa, lakini kwa sasa sina shule, sina mume wala mtoto. Nayaandika haya nikiwa nimeegemea mito miwili, maana mgongo wangu hauniruhusu kukaa wima kwa muda mrefu. Mwenye haraka zake na afungue kurasa nyingine. Mimi sina pa kukimbilia...

Nilizaliwa Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili tunakisikia tungali tumebebwa mgongoni. Nilisoma hadi chuo, nikaajiriwa, nikaolewa na Fabrice, fundi umeme, mwanaume mpole ambaye hakuwahi kunipandishia sauti. Tatizo letu lilikuwa moja tu. Miaka ilipita na mtoto hakuja. Mama mkwe akitutembelea alikuwa analitazama tumbo langu kwanza, ndipo ananisalimia. Wanawake mliopitia hapo, mnanielewa!

Mshahara wa kule nyumbani haukutosha hata kuanza mwezi. Ndipo nikasikia kuna shule binafsi Tanzania, huko Biharamulo, inatafuta mwalimu wa Kifaransa. Nikaomba, nikaitwa kwenye usaili. Mkuu wa shule aliniuliza kama nina mpango wa kuzaa karibuni, maana alikuwa amechoka na walimu wa kike wanaoanza kazi leo na kesho wanaomba likizo ya uzazi. Nikamjibu kwa uchungu kwamba Mungu bado hajapenda. Akatabasamu. Nikapata kazi.

Nilikubaliana na Fabrice kwamba nitangulie, nikishathibitishwa kazini anifuate. Nikavuka mpaka pale Kabanga na masanduku mawili na godoro. Njia nzima ya Ngara nilikuwa nachungulia dirishani. Migomba ile ile, vilima vile vile, akina mama wamebeba majembe begani. Nikajiambia, mbona ni kama nyumbani tu?

Haikuwa kama nyumbani. Pale shuleni Nyakahura walimu wenzangu waliniita "Mrundi" hata baada ya kulijua jina langu. Kiswahili changu cha Buyenzi kiliwachekesha wanafunzi. Jioni nilijifungia chumbani na simu yangu, namsubiri Fabrice apige. Jamani, upweke wa ugenini ni ugonjwa kabla ya ugonjwa!

Aliyeniokoa ni Bibi Domitila, mwenye nyumba wangu. Familia yake ilitoka Rwanda zamani, akiwa binti mdogo, wakajikuta huku wanalima na kufuga. Siku moja alinisikia nikiongea Kirundi kwenye simu. Akatoka mbio jikoni, mikono imejaa unga, akanikumbatia. Kinyarwanda chake na Kirundi changu vinasikilizana bila mkalimani. "Mwana wanjye," akaniita, yaani mwanangu. Nililia kama mtoto. Tangu siku hiyo nikawa wa pale.

Ng'ombe wake ndio waliokuwa maisha yake. Aliwajua kwa majina na kwa ukoo wao. Maziwa hakuwa akimuuzia jirani hata siku moja, alisema jirani hupewa. Kila jioni akawa ananiletea kibuyu chenye mfuniko wa ukindu. Alinifundisha kwamba maziwa hayanywewi umesimama, unaketi chini kwa adabu, unakishika kibuyu kwa mikono miwili. Nilizipenda taratibu hizo. Zilinifanya nijione mtu kati ya watu.

Siku za mwanzo niliyachemsha. Mimi ni mtu wa mjini, maziwa kwangu ni ya kwenye chai. Bibi akaisikia harufu. Akaja mlangoni, akasimama pale amenyong'onyea.

"Mwarimu," aliniambia, "usiyaunguze maziwa yangu. Ukiyaunguza, chuchu za ng'ombe wangu zinapasuka, anakauka."

Nilitamani kucheka, nikakutana na macho yake. Hakuwa anatania hata kidogo. Nikafikiri, huyu bibi amenipa kila kitu, mimi nibishane naye kwa sababu ya sufuria ya maziwa? Nikayamwaga yale yaliyokuwa jikoni, nikaketi chini, nikanywa mabichi mbele yake. Akapiga makofi kwa furaha. Yalikuwa matamu, sitadanganya.

Haukupita muda nikaanza kutapika asubuhi. Nikanunua kipimo kwenye duka la dawa, nikajifungia chooni... Wasomaji, nilikuwa mjamzito! Nilikuwa nimevuka mpaka na mwanangu tumboni bila kujua! Fabrice aliposikia alikaa kimya kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika, kumbe analia. Mama mkwe mwenyewe akaomba apewe simu, akanibariki. Yule yule!

Shuleni sikumwambia mtu. Nilikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na maneno ya mkuu wa shule nilikuwa nayakumbuka vizuri. Nikashona madera mapana. Aliyejua ni Bibi Domitila peke yake, na alifurahi kama vile mimba ni ya nyumbani kwake. Akaongeza maziwa. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu.

Furaha ile ilikuwa na sababu. Mwanawe wa mwisho alikuwa na mke, Anisia, wa kutoka Nyantakara. Kila alipobeba mimba iliharibika, na mwishowe wakamrudisha kwao. Bibi alinisimulia kwa hasira tupu. Eti alipoolewa na mwanaume mwingine huko Nyantakara, mkulima wa mihogo asiye na hata mbuzi, sasa anazaa mfululizo. "Huko anazaa, hapa kwangu alikuwa anatupa tu. Si makusudi hayo?" Nikatikisa kichwa, nikamwambia pole Bibi. Wakati huo mwanawe alikuwa ameshaoa tena, binti mdogo mpole anaitwa Editha. Harusi yake niliicheza mimi mwenyewe.

Na kuna siku nilimkuta Bibi ameketi zizini, amejifunika kitenge usoni. Ng'ombe wake aliyempenda kuliko wote alikuwa ametupa ndama kabla ya siku zake. Akasema ni jicho la jirani. Nikakaa naye, nikamfariji. Kisha akanyanyuka, akanawa mikono, akaenda kukamua mwingine, akaniletea maziwa yangu.

Yote hayo yalipita mbele ya macho yangu. Mimi niliyesoma!

Homa ilianza taratibu. Mchana nafundisha, jioni natetemeka, usiku natoka jasho mpaka shuka linakamulika. Asubuhi nimepona. Viungo vikawa vinauma kana kwamba nimelima shamba zima. Zahanati wakapima malaria, hamna. Wakasema labda taifodi, nikapewa dawa. Nikapata nafuu siku chache, homa ikarudi. Wakabadilisha dawa. Ikarudi tena... Mwalimu mmoja akasema ni hali ya hewa, nitazoea. Mwingine akanong'ona kwamba Warundi tumekuja na magonjwa yetu.

Ningeomba ruhusa nikatafute hospitali kubwa. Sikuthubutu. Mkuu wa shule alikuwa ameshanionya kuhusu kuchelewa, na bila kuthibitishwa kazini kibali changu cha kazi kisingeshughulikiwa, na bila kibali Fabrice angenifuata wapi? Nikavumilia. Nikirudi jioni, Bibi ananipokea na kibuyu. "Kunywa upate nguvu, umekonda." Nakunywa. Nilikuwa najua kabisa kwamba ninakunywa kwa ajili ya mwanangu. Alikuwa ameshaanza kucheza tumboni. Nikiketi chini na kile kibuyu alikuwa anarusha teke, na mimi na Bibi tunacheka.

Akaacha kucheza.

Siku ya kwanza nikasema amelala. Siku ya pili nikasema amechoka kama mama yake. Siku iliyofuata nilikuwa nimesimama ubaoni, kidato cha pili, nikasikia maumivu yamenishika kiunoni, chaki ikaanguka. Nilipotazama chini niliona damu. Wasichana wa dawati la mbele ndio waliofahamu kwanza. Walivua masweta yao, wakanizunguka, wakayashika kama pazia ili wavulana wasione. Mungu awalipe wale mabinti, mimi sina cha kuwalipa.

Nilipelekwa hospitali kwa gari la shule. Mwanangu alizaliwa akiwa ameshafariki. Alikuwa wa kiume. Vidole vyote alikuwa navyo... Nesi aliniuliza kama nataka kumwona, nikasema nataka. Nilimshika kwa mikono miwili.

Homa haikuisha hata baada ya hapo, ndipo daktari mmoja kijana akaja kuketi kando ya kitanda. Aliniuliza ninaishi wapi, kuna mifugo gani. Halafu akauliza, "Mwalimu, maziwa unakunywa yamechemshwa?"

Wakachukua damu. Majibu yakarudi. Bruselosi. Akanieleza polepole kwamba ni ugonjwa wa ng'ombe unaoingia kwa mtu kupitia maziwa mabichi, kwamba wafugaji wanauita ugonjwa wa kutupa mimba, kwa sababu ng'ombe akiupata hutupa ndama. Mwanamke mjamzito naye unaweza kumfanyia hivyo hivyo. Aliendelea kuongea kuhusu dawa za wiki nyingi na uti wa mgongo wangu, mimi nikawa simsikii tena. Nilimwona Bibi zizini na kitenge usoni. Nikamwona Anisia, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, akifunga virago kurudi Nyantakara.

Siku hiyo hiyo jioni Bibi Domitila alikuja kuniona. Alipanda bodaboda na uzee wake wote. Alikuwa amebeba kibuyu. Maziwa ya kunirudishia nguvu. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akanijibu marahaba huku machozi yanamtoka. Kibuyu nikakipokea, nikakiweka chini ya kitanda. Nilishindwa kumwambia. Angalia mtu amevuka vumbi lote lile kwa ajili yako, utamwambiaje?

Fabrice hakuja. Mama yake alikuwa amesikia kwamba shuleni hakuna aliyejua kuhusu mimba yangu, akapata jibu lake hapo hapo. Eti nimeitoa mimba ili nisifukuzwe kazi! Nilimweleza mume wangu habari ya maziwa. Akaniuliza, kwa sauti yake ile ile ya upole, kama namwona yeye mjinga. Baadaye akawa hapokei simu. Dada yangu ndiye aliyeniambia kwamba wameshapeleka posa kwa watu wengine. Na kazi ile niliyoficha mimba kwa ajili yake, wakampa mwingine nikiwa bado wodini.

Nilirudi Nyakahura mara moja tu, kuchukua masanduku yangu. Nilikuwa natembea nimejishika kiuno kama kikongwe. Uani nikawakuta Bibi na Editha wanachambua maharage. Editha aliponyanyuka kunipokea nililiona tumbo lake.

Hapo nikajikaza. Nikamketisha Bibi, nikaongea naye kwa lugha yake, kwa heshima zote. Nikamweleza alichosema daktari, habari za ng'ombe wake, habari za ndama na za Anisia. Nikamsihi kwamba huyu binti maziwa yake yachemshwe, hata kama ni ya huyu mmoja tu, mpaka ajifungue. Nikamwambia wataalamu wa mifugo wanaweza kuwapima ng'ombe.

Bibi akayaweka maharage kando. Nilidhani ameelewa.

"Mwarimu," akasema kwa Kiswahili, wala si kwa lugha yetu, "mimi nimekupenda kama nimekuzaa. Leo unaniambia ng'ombe wangu ameua mtoto wako? Watoto wangu saba wote wamekunywa haya haya. Niambie, ni yupi amekufa?"

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu, akampa mkwewe. Editha alinitazama mimi, akamtazama mama mkwe wake, akaketi chini kwa adabu. Akakishika kwa mikono miwili, akanywa. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningekunywa, na kweli nilikuwa mimi, na nilikunywa.

Sasa nipo Kasulo, kwa mama mmoja wa jumuiya ya kanisani aliyenisitiri, nasubiri mgongo unipe ruhusa ya kusafiri, ingawa sijui narudi kwa nani. Daktari anasema maumivu yanaweza kupungua, au yasipungue. Kuhusu kuzaa hakuniambia kitu, na mimi sikumuuliza.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Wewe unayekwenda kufundisha ugenini, ukiugua usiufiche ugonjwa ili ulinde kazi, kazi haitakulinda. Ukiwa na mimba, mwambie mtu, upate shahidi. Na maziwa yachemsheni! Yachemsheni hata kama aliyekupa anakupenda. Mkosane naye, akununie, akufukuze kwake, lakini chemsha. Na mama wakwe mnaowarudisha mabinti wa watu kwao kwa sababu mimba hazikai, kawaangalieni kwanza ng'ombe wenu.

Nilimpigia mume wa Editha kumweleza. Akaniambia, "Mwalimu, sisi tunakuheshimu, ila tuachie mambo yetu," akakata simu. Nesi wa kliniki aliniahidi atapita pale nyumbani, sijui kama alipita. Siku za Editha zimeshatimia. Kila Jumapili baada ya misa nawauliza watu waliotoka Nyakahura kama amejifungua salama, wanageuza mazungumzo.