Mji Unaoitwa Reli

Soko la Migori lilikuwa limefurika, na Edith alikuwa akivutana bei na muuza vitambaa aliposikia krrr! Mkono wa gauni lake la manjano ulikuwa umenaswa na fremu ya dirisha ya chuma iliyokuwa begani kwa kijana mrefu mwenye ovaroli iliyotobolewa na cheche.

"Wewe! Macho ni ya nini?"

"Pole, madam. Yalikuwa yanakuangalia wewe, ndiyo maana."

"Na bado unajitetea!"

"Naitwa Joash. Hilo gauni nitalipeleka kwa fundi."

"Fundi gani, na fundi wa nguo ni mimi?"

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Haukupita muda, mtaa mzima ukawa unajua nani anampigia Edith simu kila adhuhuri.

"Umekula, jaber?" Joash aliuliza kila mara, akimwita mrembo kwa Kijaluo.

"Nimekula. Wewe je, ama umetafuna vyuma?"

Jumapili moja, kwenye meza ya hoteli, Joash akauliza habari za kwao.

"Kwetu ni Reli, ukipita Homa Bay."

"Treni inafika huko?"

"Wapi! Zilifika meli tu." Edith akacheka, akamweleza. Zamani meli za shirika la reli zilikuja kuchukua pamba, watu wakapaita Reli, na gati likazeeka bila kuona hata gurudumu la treni. Sasa kuna safu moja ya maduka, ghala lenye paa la kutu, kilima nyuma na ziwa mbele. "Watu wenyewe hata hawajazi makanisa mawili. Karibu wote ni ukoo wa Kanyagilo, kama sisi."

Joash aliweka soda chini.

"Edith, hata sisi wa Awendo ni Kanyagilo. Babu yangu alitoka huko ziwani."

Wajaluo wa ukoo mmoja hawaoani, hata kama hawajawahi kuonana. Hawa wawili walikulia mjini, wakaulizana kila kitu isipokuwa hicho. Kesho yake Joash alipiga mara moja tu. "Usinipigie tena, mpenzi. Nikisikia sauti yako nitavunja mwiko."

Edith alifunga cherehani, akaenda kwao na moyo uliopondeka. Nyanya yake Susana, dani kwa Kijaluo, alikuwa akianika omena, vidagaa vya ziwani. Alimsikiliza hadi mwisho, akatupia jicho ua wa jirani.

"Nani alikwambia sisi ni Kanyagilo?" alinong'ona.

"Si kila mtu, dani?"

"Babu yako Barnabas alizaliwa akaitwa Maroa. Mkuria wa kule mpakani. Alikuja kubeba pamba ya meli, watu wa hapa wakampa mahali pa kujenga, naye akachukua jina lao. Sisi ni jodak, mjukuu wangu, yaani wageni waliokaribishwa. Nimefunga mdomo maisha yangu yote, nikiogopa siku moja tutaambiwa turudi tulikotoka."

Furaha na hofu vilimvaa Edith kwa pamoja. Neno hilo lingemrudishia mpenzi wake, na lingeweza kuwanyang'anya boma, pamoja na kaburi la babu.

"Basi tunyamaze, dani. Nitapata mwingine."

"Mwingine yupi, na macho yamevimba hivyo? Mpigie!"

Edith alipopiga, Susana aliishika simu kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakuiamini, alipaza sauti. "Joash! Mimi ni nyanya ya Edith! Huyu si ndugu yako! Sisi ni wageni hapa! Mzee wangu alikuwa Mkuria!"

Kuku walitawanyika. Ng'ambo ya ua akainuka Bathsheba, jirani aliyeolewa na Kanyagilo wenyewe. Susana alipomwona, aliishusha simu haraka.

"Susana, kelele ni ya nini?" Bathsheba aliuliza. "Nani hajui? Baba mkwe wangu ndiye alimpa Maroa mahali pa kujenga."

"Mlijua?"

"Sisi wote. Tulidhani nyinyi ndio mlisahau."

Susana aliketi palepale kando ya omena zake, akacheka hadi machozi yakamtoka. Edith alimpokonya simu.

"Joash, bado uko?"

"Niko, jaber. Nalia mbele ya wateja, wananicheka."

"Wacha wacheke."

"Nataka kuja kwenu na wazee wangu, nikuoe. Utakubali?"

Edith aligeuka kuangalia ua. Bathsheba alikuwa ameshaegemea ua ili asikie vizuri, na majirani wengine wawili nyuma yake.

"Kuja," Edith alisema. "Lakini ukuje mchana. Hawa wote wanataka kukuona."