Viatu Vipya vya Baba Mdogo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi moja: kuviringa nyuzi za sufu ziwe madonge. Mama alikuwa fundi wa sweta. Alifuma kwa mashine kuukuu iliyopiga kelele kama bati linaloburutwa, na hakupenda kusimama katikati ya kazi kutafuta uzi.

Nikiwa bado naviringa, Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alipita kunywa chai. Yeye ni fundi rangi. Viatu vyake vilikuwa na rangi ya kila nyumba aliyowahi kuipaka, na kila siku alisema neno lilelile mlangoni: "Inspekta, kuna kesi gani leo?"

Aliniita Inspekta kwa sababu ya maswali yangu. Nani kamaliza sukari? Nani kaacha mlango wazi? Watu walinikimbia, lakini mimi sikuona ubaya. Kama huna la kuficha, ukiulizwa unakasirika nini?

Mwezi ule shule yetu ilimpa Mama kazi ya kufuma sweta mia tatu. Mashine kuukuu isingeweza. Mjini kulikuwa na muuzaji mwenye mashine iliyotumika, lakini nzima kabisa, naye alikubali kumshikia Mama mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

"Ikipita hapo, mama, usinilaumu," alisema. "Kuna mwenzio anaitaka."

Bila mashine, sweta zingekwenda kwa fundi mwingine, na Mama alikwisha sema wazi kwamba bila kazi ile tungefunga chumba chake cha kazi. Shangazi, ambaye ni muuguzi nchi ya mbali, akakubali kutukopesha pesa zote. Akaunti ya Mama ilikuwa imefungwa kwa kukaa miaka mingi bila kutumika, kwa hiyo pesa zikatumwa kwenye akaunti ya Baba mdogo.

Jumatatu asubuhi Shangazi alipiga simu. "Wifi, pesa zimefika. Benki ya huku imenithibitishia."

Mama alicheka peke yake mchana kutwa. Jioni Baba mdogo alipoingia, Mama alimuuliza hata kabla hajaketi.

"Bado, shemeji," alijibu. "Labda kesho." Hakumtazama usoni. Alikunywa chai bila kufanya mzaha hata mmoja. Mimi nikaweka akilini.

Jumanne akasema mtandao wa benki unasumbua. Jumatano asubuhi akaja amenyoa, shati limepigwa pasi, na miguuni ana viatu vyeusi vinavyong'aa.

"Unaenda wapi hivyo?" nikamuuliza.

"Kazini."

Kazini! Nani anapaka rangi na viatu vile? Nikamtazama mpaka akakata kona, na nikaona hata mwendo wake umebadilika. Alikuwa akitembea taratibu kama bwana mkubwa.

Shuleni nilikuwa na rafiki tuliyemwita Redio, kwani habari haikuwahi kulala kwake. "Mbona siku hizi baba yako mdogo ni mtu wa benki?" akaniambia wakati wa mapumziko. "Juzi nimemwona akitoka, na jana nimemwona tena."

Kwa hiyo pesa zimeingia, na yeye anatupiga chenga! Nikakumbuka jambo ambalo nyumbani hatulitaji. Miaka mitatu nyuma Baba mdogo alichukua akiba ya Mama akaingia biashara ya simu na mwenzake. Mwenzake akayeyuka na pesa. Mama alisema amesamehe, lakini tangu siku ile ufunguo wa sanduku lake hulala nao.

Jioni ile sikungoja. Baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza ameshika kikombe.

"Viatu umenunua kwa pesa gani?" nikamuuliza.

"Wewe!" Mama akanikemea.

"Mama, ameonekana benki juzi na jana. Pesa zimeingia. Amezila!"

Baba mdogo aliweka kikombe chini. Hakunitazama mimi, alimtazama Mama. "Na wewe shemeji, ndivyo unavyoamini?"

Mama alikuwa akiikunja na kuikunjua futi yake ya kupimia. Macho yake yalishuka mpaka kwenye vile viatu, yakabaki huko. Hakujibu. Baba mdogo akainuka, akatoka, chai yake ikiwa bado inatoa moshi. Kusema kweli, nilijiona shujaa.

Alhamisi walimu walikuwa na kikao, tukaruhusiwa saa sita. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja benki kumfumania.

"Mtoto, umepotea?" mlinzi akaniuliza mlangoni.

"Namtafuta baba yangu mdogo. Fundi rangi."

"Ah, yule! Siku ya nne hii anashinda hapa. Siku mbili za kwanza alikuja na viatu vina rangi saba, nikawa namhoji kila akiingia. Si unajua, ndiyo kazi yangu. Tangu jana kaja na vya maana, nampisha tu."

Niliingia nikajibanza nyuma ya nguzo. Baba mdogo alikuwa ameketi mbele ya meza ya mwanamke mmoja aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba.

"Dada, nimekwambia," Baba mdogo alikuwa akisema. "Ni mkopo wa familia. Dada yangu anamkopesha shemeji yangu, umepitia kwangu tu."

"Sijasema wewe ni mwizi," yule ofisa akajibu. "Lakini akaunti yako hupokea ujira wa rangi, kidogo kidogo. Pesa zilizoingia Jumatatu, ungepaka nyumba miaka minne usingezipata. Lazima nijue zimetoka wapi na zinakwenda wapi, ndiyo maana tumezizuia. Nilikuomba barua ya dada yako, barua ya shemeji yako, na karatasi ya bei ya hiyo mashine. Mbona huleti?"

Baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Nilishawahi kumpotezea pesa. Nikienda kumwambia benki imezizuia, ataniamini? Ataona ni hadithi nyingine. Nilidhani nikija kila siku mtanihurumia."

"Hapa hatuna huruma, ndugu yangu. Tunasoma karatasi."

Jana nilikuwa nimemwita mwizi, tena mbele ya mama yangu, na yeye siku nne amekaa kwenye kiti kile akitupigania. Nikatoka nyuma ya nguzo.

"Baba mdogo."

Aligeuka. "Inspekta," akasema. "Umekuja kunikamata?"

Nikaangua kilio mbele ya watu wote. "Nakwenda kumwita Mama," nikasema, nikatoka mbio.

Mama aliposikia aliacha kufuma. Alichomoa karatasi ya bei chini ya mashine, akatoka na futi yake shingoni, akimpigia Shangazi simu njiani. Mpaka tunafika benki, barua ya Shangazi yenye sahihi, pamoja na picha ya kitambulisho chake, vilikuwa vimeingia kwenye simu. Barua yake mwenyewe Mama aliiandika palepale mezani.

Ofisa alivaa miwani. Alisoma kila mstari, akarudia. Akampigia Shangazi kumuuliza ni kiasi gani na cha nini, akamgeukia Mama akamuuliza yaleyale, kisha akaniuliza na mimi Mama anafanya kazi gani. Nilijibu kwa kigugumizi. Sikuwahi kuulizwa maswali mengi namna ile, na niliona uchungu wake.

"Nitapeleka karatasi hizi kwa wakubwa wangu," alisema. "Jibu kesho."

Tulipotoka nje Baba mdogo aliketi kwenye ngazi, akavua viatu. Visigino vilikuwa vimechubuka, vinatoka damu.

"Si vyangu," alisema. "Ni vya kinyozi. Nilimwomba aniazime mpaka Jumamosi. Vinanibana, we acha tu!"

Kumbe ule mwendo wa bwana mkubwa yalikuwa maumivu. Mama alifunika uso kwa mikono. "Nisamehe, shemeji," alisema. "Mtoto alisema kwa mdomo, mimi nilisema kwa kunyamaza." Baba mdogo alitikisa kichwa tu. Akarudi nyumbani peku, ameshika viatu vya watu mkononi.

Ijumaa darasani sikusikia hata hesabu moja. Saa nne ilipita, saa sita ikapita. Benki walipiga simu saa nane, na saa tisa na nusu Mama na Baba mdogo walifika kwa muuzaji wakamkuta yule mteja mwingine anaipapasa mashine. Niliporudi nyumbani jioni nilisikia mlio nisioujua. Ulikuwa laini, bila kelele za bati.

Jumamosi Mama alichukua daftari jipya akaandika mkataba wa mkopo: nani amekopesha, nani amekopa, pesa zilipitia kwa nani, zitarudi lini. Kisha akaniita niketi.

"Benki walimshuku baba yako mdogo kuliko sisi," alisema. "Lakini wao walimwita, wakamwambia wanachotaka, wakamngoja ajibu. Sisi tulimhukumu kwa viatu. Ukimtilia mtu shaka, mwanangu, muulize kwa utulivu, tena faraghani, halafu msikilize mpaka amalize. Na wewe shemeji, ungeniambia Jumatatu tusingefika huku. Mimi nami nilipaswa kuandika karatasi hizi kabla pesa hazijatumwa. Undugu hauharibiki kwa kuandikiana."

"Nimekuelewa, shemeji," Baba mdogo alisema.

Nilitaka kuomba msamaha, na maneno niliyokuwa nimeyapanga usiku kucha yakanipotea yote. "Baba mdogo, nilikosa," ndiyo tu niliyoweza kusema. "Nisamehe."

Siku ile Baba mdogo alikuwa amevaa viatu vyake vya rangi saba, visigino amevikanyaga visimguse vidonda. Akachukua kalamu kwa Mama, akaniwekea mkononi.

"Hapa pa shahidi," alisema, "aandike Inspekta."

Nikaandika jina langu polepole, herufi baada ya herufi, Baba mdogo akinishikia daftari lisiteleze.